Cairo wamejengaje stesheni chini ya ardhi yenye maji, na sisi Tanga shimo la choo tu linatutoa jasho?

Fundi_Mabawa:

Wana jukwaa, salaam. Mie ni fundi ujenzi hapa Tanga, kazi zangu nyingi ni Mabawa, Makorora na huku Mwambani. Sasa hivi nina kazi ya shimo la choo kwa mteja mmoja, kiwanja cha bondeni karibu na mikoko. Futi saba tu, maji haya hapa. Nimeweka pampu ya petroli inavuta kutwa. Ukiizima ukaenda kunywa chai, ukirudi maji yako magotini. Upande mmoja mchanga unameguka mapande mapande, na jirani naye kaja juu, ati ukuta wa uzio wake umepata ufa tangu nianze kuvuta.

Jana kijana wangu kanionyesha kwenye simu stesheni ya treni ya chini kwa chini, mjini Cairo. Watu wanashuka ngazi na mabegi yao, huko chini taa zinawaka, sakafu kavu, vigae vinang'aa, treni inaingia. Nikamwambia kule ni jangwani, ardhi kavu, hata mimi ningechimba. Akacheka, akafungua ramani: mto Nile huu, stesheni hii. Majirani kabisa.

Naomba mwenye ujuzi anieleze kifundi. Sitaki jibu la "wenzetu wameendelea". Maji yao wameyapeleka wapi? Na umeme ukikatika, pampu zikasimama, watu wanazama?

Kumi_na_Mbili:

Fundi, jibu fupi ni hela. Halafu Tanga nayo ina njia ya chini kwa chini tangu enzi za mababu. Si tumeambiwa ukiingia mapango ya Amboni unatokea Mombasa? Kilichobaki ni mtu wa kukata tiketi.

BintiChumbageni:

Kumi na Mbili, habari za Amboni nitakurudia, usikimbie.

Kaka fundi, mimi ni mhandisi, mzaliwa wa Chumbageni, na shahada ya pili nilisomea Cairo. Nilipanga chumba mtaa wa Dokki, ng'ambo ya pili ya Nile ukitokea katikati ya mji, kwa hiyo treni hiyo ilikuwa ndiyo miguu yangu. Nikitaka kwenda mjini nilipanda Dokki, kinafuata kituo cha Opera kilicho kwenye kisiwa, halafu Sadat, chini ya uwanja wa Tahrir. Maana yake Nile nilikuwa napita chini yake mara mbili, kushoto na kulia kwa kisiwa, bila kuona tone la maji. Kwa hiyo swali lako na mimi liliwahi kuninyima usingizi.

Kijana wako kasema kweli. Jangwa liko pembeni, lakini mji wenyewe umekaa juu ya tope na mchanga wa mto. Ukichimba katikati ya Cairo, mita chache tu unakutana na maji, na chini yake ni mchanga uliolowa mpaka huko chini kabisa. Ni ardhi mbaya kuliko hiyo yako ya Mwambani.

Maji wameyapeleka wapi? Hawakuyapeleka popote. Wameyaacha palepale. Hapo ndipo penye kazi yote, na hapo ndipo pampu yako inapokuponza. Ukivuta maji ndani ya shimo lililo wazi, maji ya jirani yanakimbilia kwako, yakija yanabeba mchanga mwembamba. Tazama bomba lako linapomwaga: ukiona maji yana rangi ya uji, ujue unavuta kiwanja cha mtu. Jirani yako namuonea huruma, huenda hakusingizii.

Wao walianza na ukuta kabla ya shimo. Inachimbwa mifereji myembamba, upana kama mita moja, inashuka makumi ya mita, kwa kijiko cha chuma kinachoning'inia kwenye kreni. Sasa utasema mfereji huo si utabomoka? Haubomoki, kwa sababu wakati wote umejazwa tope la udongo maalumu uitwao bentonaiti. Tope hilo ni zito kidogo kuliko maji, nalo hupaka kuta za mfereji utando laini usiopitisha maji. Linasukuma kuta kwa nje, kuta zinasimama. Mfereji ukishafika chini, kinateremshwa kichanja cha nondo humo humo ndani ya tope. Halafu zege linamwagwa kwa bomba refu ambalo mdomo wake uko chini kabisa. Zege ni zito, linajaa kutoka chini kupanda juu, tope linapanda na kufyonzwa kwenda kusafishwa litumike tena. Ukimaliza kipande unahamia kingine, mpaka umezunguka sanduku zima. Hapo una ukuta wa zege ardhini, na mchanga uko ndani na nje, hujachimba bado.

Sakafu ndiyo inayosumbua zaidi. Ukuta umezuia maji ya pembeni, lakini ya chini yatapanda kama kawaida. Cairo, chini ya usawa wa sakafu ya baadaye, walidunga dawa kwenye mchanga kwa mabomba membamba, saruji na kemikali, mpaka tabaka zima likashikana likawa kizibo kati ya kuta. Baada ya hapo ndipo unaweza kuvuta maji yaliyobaki ndani ya sanduku, na yakiisha yameisha, kwa sababu hayana pa kutokea tena. Ndipo unachimba, huku ukiziwekea kuta mihimili ya kuzizuia zisikunjane. Kwenye barabara yenye magari mengi unaweza hata kumwaga slabu ya juu kwanza, magari yakarudi barabarani, wewe ukaendelea kuchimba chini yao.

Umeme ukikatika hakuna anayezama. Pampu zipo, kila stesheni ya chini inazo, lakini ni za maji ya kuvuja kwenye maungio, ya mvua inayoingia mlangoni na ya kuoshea. Kinachozuia Nile ni zege.

Umm_Raskazone:

Dada umeeleza vizuri ila mie wa sebuleni, nisamehe. Hilo sanduku tupu limezungukwa na maji pande zote na chini. Mbona halielei?

BintiChumbageni:

Dada yangu, wewe wa sebuleni umeuliza swali ambalo wanafunzi wa uhandisi wanafeli nalo.

Linataka kuelea, na usipoangalia litaelea kweli. Fundi Mabawa atakuwa ameshaona tangi la plastiki lililofukiwa likiwa tupu, masika ikaja, likanyanyuka na kupasua sakafu ya ua. Kanuni ni ileile. Kila mita moja ya kina cha maji inasukuma juu kwa tani moja kwenye kila mita ya mraba. Chukua stesheni ambayo sakafu yake iko mita 15 chini ya usawa wa maji: kila mita ya mraba inasukumwa tani 15 kwenda juu. Ipe urefu wa mita 150 na upana wa mita 20, zinakuwa tani 45,000. Sakafu ya zege nene mita mbili haizidi tani tano hivi kwa mita ya mraba. Zilizobaki utazitoa wapi? Kwenye uzito wa kuta, slabu za kati, paa, na udongo unaorudishwa juu ya paa. Zisipotosha, unachimba nguzo ndefu chini ya sakafu zinazoishikilia isipande. Nguzo za nyumba zinabeba mzigo kwenda chini, hizi zinavuta.

London walikutana na jambo hilohilo pale Canary Wharf, stesheni iliyofunguliwa 1999. Ile imejengwa ndani ya gati la zamani la meli. Walizungushia ukuta, wakakausha maji ya gati, wakajenga, na sakafu wakaifunga kwa nguzo za kuvuta.

Ndiyo maana stesheni za chini zina maumbo yale mazito mazito. Ukiona boriti nene kuliko inavyohitajika kubeba watu, usidhani msanifu alikuwa na saruji ya kuchezea.

Kumi_na_Mbili:

Hiyo Sadat ni jina la rais? Na walianza lini hao, au ni ya juzi juzi kama SGR yetu?

BintiChumbageni:

Ni rais, ndiyo, na hapo wana tabia yao ya kuviita vituo kwa majina ya viongozi. Mstari wa kwanza ulifunguliwa Septemba 1987, ukawa wa kwanza wa aina hiyo Afrika. Kwa ujanja, hawakuanza na mradi mpya kutoka sifuri. Cairo ilikuwa na reli mbili za zamani za juu, moja ya kusini inayokwenda Helwan, nyingine ya kaskazini inayokwenda El Marg, na zote mbili ziliishia katikati ya mji bila kukutana. Ukitoka Helwan ukitaka kaskazini unashuka, unahangaika mjini, unapanda tena. Wafaransa walikuja kusaidia kuziunganisha kwa kipande cha chini ya ardhi cha kilomita nne na nusu hivi, chenye stesheni tano. Kipande kifupi hicho ndicho kilichozifanya reli mbili kuwa mstari mmoja.

Majina ya hizo tano: Saad Zaghloul, Sadat, Nasser, Orabi na Mubarak. Mstari wa pili ulipokuja wakamkumbuka na Mohamed Naguib, rais wa kwanza kabisa. Ukipanda unapitia historia ya Misri kwa nusu saa, ila si kwa mpangilio. Mwaka 2011 Mubarak alipoondolewa madarakani, na kituo chake kikapewa jina jingine, Al-Shohadaa, yaani Mashahidi. Nawasifu waliotupangia Ngamiani yetu ya Tanga kwa barabara za namba. Barabara ya Kumi na Mbili haipinduliwi.

Sadat yenyewe si nzuri wa sura, nakuambia ukweli. Dari chini, korido ndefu, vigae, joto la watu. Uzuri wake uko kwenye kazi. Juu yake ni uwanja wa Tahrir ambao kuuvuka kwa miguu unahitaji kutoa shahada kwanza. Milango ya kushukia iko pande zote za uwanja, mmoja unakutoa karibu na jumba la makumbusho, mwingine upande wa majengo ya serikali, kwa hiyo nusu ya watu unaopishana nao humo hawapandi treni hata kidogo, wanavuka barabara tu. Tiketi enzi zangu ilikuwa kikaratasi cha njano chenye mstari mweusi nyuma. Unakichomeka kwenye geti, geti linakitema upande wa pili, na ole wako ukikitupa, maana bila hicho hutoki uendako. Nilikuwa nakibana kwenye kamba ya saa.

Mstari wa pili uko chini zaidi kwa sababu unajiandaa kupita chini ya mto. Ukisimama jukwaani unajua treni inakuja kabla hujaiona wala kuisikia: upepo wa moto unakupiga shavuni, mabaibui yote yanapepea upande mmoja. Ni treni inasukuma hewa mbele yake ndani ya handaki. Na mabehewa mawili ya katikati ni ya wanawake, hapo nilipapenda.

Mstaafu_wa_Reli:

Nimesoma kwa raha. Ila mwanangu, hilo la kumkataza fundi pampu nina neno nalo. Waliotujengea reli hii ya Tanga ni Wajerumani, walianza 1893, wakafika Muheza 1896, Korogwe 1902. Mwaka huohuo 1902 kwao Berlin wakafungua treni yao ya mjini, sehemu imepita juu ya nguzo, sehemu chini ya ardhi. Na Berlin ni mchanga mtupu na maji yako juu juu. Wao walivuta maji kwa pampu, wakachimba, wakajenga. Mpaka leo wakijenga Berlin unaona mabomba makubwa ya rangi yamepita juu ya barabara yakibeba maji ya shimo. Sasa je?

BintiChumbageni:

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na Berlin ndiyo waliosifika kwa njia hiyo. Lakini tazama walivyovuta. Hawakuweka pampu ndani ya shimo. Walichimba visima vyembamba vya mabomba kuzunguka eneo lote, vyenye chujio la kuzuia mchanga, wakayashusha maji ya mtaa mzima kabla jembe halijagusa chini. Shimo lao likachimbwa kwenye mchanga ambao tayari maji yake yameshuka. Pampu moja iliyokaa katikati ya shimo inafanya kinyume, inayaita maji yapite kwenye kuta ambazo hazina kinga.

Na bado ina gharama yake. Nyumba za zamani zilizosimama juu ya nguzo za mbao zinaishi miaka kwa miaka maadamu mbao ziko majini. Ukishusha maji, mbao zinapata hewa, zinaoza. Kwenye tope kama la Cairo, ukilikausha linasinyaa na nyumba zinashuka nalo. Cairo ya Kati ina majengo mazito ya zamani yamebanana, mimi nisingethubutu.

Kumi na Mbili, sasa Amboni. Yale mapango ni jiwe la chokaa, na chokaa huliwa na maji taratibu mpaka linakuwa na matundu. Hilo ni zuri kwa watalii na baya kwa handaki. Mtambo uliochimba chini ya Nile ni bomba la chuma lenye upana wa zaidi ya mita tisa, linatoboa njia ya reli mbili kwa mpigo, na mbele ya meno yake kuna chumba kimejazwa lile lile tope la bentonaiti kwa shinikizo, lipambane na maji ya nje. Kwenye mchanga linakaa. Lipeleke kwenye jiwe lenye tundu usilolijua, tope lote linakimbilia tunduni, shinikizo linaisha, maji yanaingia. Kwa hiyo hiyo treni yako ya Mombasa itapita juu.

Umm_Raskazone:

Na Sadat si ndiyo ilifungwa wakati wa yale maandamano? Nakumbuka shemeji yangu alikuwa anasoma Al-Azhar, akilalamika.

BintiChumbageni:

Ndiyo hiyo. Ilifungwa Agosti 2013 kwa sababu za usalama, ikafunguliwa tena Juni 2015. Karibu miaka miwili treni zinapita bila kusimama. Ubaya wake ni kwamba mstari wa kwanza na wa pili ulikutana sehemu mbili tu, Sadat na Al-Shohadaa. Ukiifunga moja, kila anayebadili treni anabanwa kwenye ile nyingine. Shemeji yako alikuwa na haki ya kulalamika, Al-Shohadaa kipindi kile mtu ulikuwa unasogezwa na umati, husogei mwenyewe. Jengo lilikuwa zima, halijapata ufa hata mmoja. Walioipanga waliwaza maji na uzito, wala sidhani kama kuna hesabu ya kupangia uwanja wa mapinduzi juu ya dari yako.

Mchimbaji_Pongwe:

Mie nachimba visima tangu ujana. Huyu fundi shida yake ni ndogo. Mchanga wa maji hauchimbwi wazi. Unaweka kalavati, lile duara la zege, juu ya ardhi, unaingia ndani yake, unachimba chini ya mdomo wake sawasawa kuzunguka, linashuka lenyewe kwa uzito wake. Likizama unabandika jingine juu. Siri ni kuchimba sawa pande zote. Ukizidisha upande mmoja linalala, na likilala hulinyanyui. Hiyo mashine ya Misri hatuihitaji.

BintiChumbageni:

Mzee wangu, ulichoandika hapo ndicho alichofanya Marc Brunel London mwaka 1825, kando ya mto Thames pale Rotherhithe. Alijenga duara la matofali juu ya ardhi, kipenyo chake futi 50, chini akaliwekea pete ya chuma, akaanza kuchimba ndani. Likazama lenyewe kwa uzito wake. Kutoka chini ya kisima hicho akatoboa handaki kupita chini ya mto, la kwanza duniani chini ya mto unaopitisha meli. Maji yalimvamia 1827, yakamvamia tena 1828 na watu sita wakafa, kazi ikasimama miaka. Likafunguliwa 1843 kwa waenda kwa miguu, na tangu 1869 linapita treni. Upande wa pili wa mto kilizamishwa kisima kingine, na leo ni stesheni ya Wapping: abiria anashuka kwenda jukwaani ndani ya kisima hichohicho. Kwangu mimi hiyo inaipita Sadat kwa mbali.

Fundi_Mabawa:

Nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Kesho naagiza kalavati za mita moja na nusu. Swali la mwisho dada: zikishazama, chini naziba vipi wakati maji yanapanda? Nikivuta tu, mchanga unachemka kutoka chini.

BintiChumbageni:

Usivute. Acha maji ndani yasimame usawa mmoja na ya nje, hapo mchanga unatulia, hauna sababu ya kuchemka. Shusha bomba la inchi nne au sita mpaka likaribie sakafu, mwaga zege lenye saruji ya kutosha kupitia humo, usilinyanyue bomba juu ya zege mpaka umalize. Usilimwage kwa ndoo kutoka juu, saruji itaoshwa, utabaki na kokoto. Lipe unene wa futi mbili, na likae wiki nzima bila kuguswa. Ndipo uvute maji. Kwa mita moja na nusu ya upana, piga hesabu ya uzito kama ile niliyompa Umm Raskazone, kalavati zako na kizibo zitatosha, lakini maungio yabane vizuri kwa saruji.

Na mwambie mteja mapema kwamba hilo sasa ni tangi, si shimo la kunyonya. Litajaa, ataita gari la maji taka. Kwa kiwanja kilicho karibu na mikoko hivyo, lingine lolote ni kuwanywesha majirani wenye visima. Akiita gari wakati wa masika, wasilikombe lote likabaki tupu.